Kivuli cha Jirani

Kati ya mtalii na mwenyeji yupo mtu wa tatu ambaye Unguja bado haijamtafutia jina. Hakuja kwa wiki mbili. Ameuza gari lake huko Berlin au Warsaw, amekodi nyumba Jambiani, Paje au Shangani, ana kibali cha kuishi, na sababu aliyowapa nduguze ni moja: jua. Mwaka 2024 Zanzibar ilipokea wageni zaidi ya 700,000, na katika umati huo yeye haonekani. Lakini mtalii huondoka na malalamiko yake, huyu hubaki nayo. Miezi sita ikipita ndipo anaanza kusema kwamba hapa hapazoeleki: fukuto halimwachi alale, nguo zinaingia ukungu kabatini, umeme unakatika, majirani wanajua habari zake kabla yeye mwenyewe hajazijua. Mjadala ninaouweka hapa ni huu: je, kilichomshinda ni jua, au ni jambo jingine ambalo yeye amelipa jina la jua? Nimeziita barazani sauti nne, ya mhamiaji, ya dalali wa nyumba, ya mzee wa mtaa na ya mama mpangaji wa Mji Mkongwe. Si watu fulani. Ni hoja nilizozipa ndimi. Nitaziacha zizungumze, ila sitajifanya mwamuzi asiye na upande.

“Nilihama kufuata jua, mzee wangu,” anaanza mhamiaji, “na sasa jua ndilo linalonifukuza. Mchana siwezi kutoka, usiku siwezi kulala. Na hiyo Aprili! Nilidhani nimeingia nchi ya kiangazi, kumbe nimeingia mtungini.”

“Mwanangu, umeingia na kaskazi ukadhani kaskazi ni mwaka mzima,” anajibu mzee. “Ngoja kusi.”

Mzee amesema machache lakini amegusa shina. Mvua ya Unguja kwa mwaka inakaribia milimita 1,600, zaidi ya mara mbili ya mvua ya London, na sehemu yake kubwa humwagika masika, kati ya Machi na Mei. Aliyehama kwa kuangalia picha za Desemba amehamia msimu mmoja tu wa nchi yenye misimu minne. Kaskazi huja na joto. Masika huja na matope, mbu na kutu. Kusi huleta kipupwe, usiku wa kujifunika shuka na bahari iliyochafuka. Vuli hurudisha mvua fupi za Oktoba hadi Desemba. Hata jua lenyewe silo alilolikusudia. Kisiwa kiko nyuzi sita hivi kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka, mapema Machi na tena wiki ya pili ya Oktoba, na tofauti kati ya mchana mrefu kuliko yote na mfupi kuliko yote haifiki saa moja. London tofauti hiyo inazidi saa nane. Mtu wa huko akiota jua, anachoota hasa ni jioni ndefu ya Juni, meza uani na mwanga usiokwisha mpaka saa nne za usiku. Unguja haina jioni hiyo. Magharibi inaadhiniwa kwenye saa kumi na mbili na kitu, na muda mfupi baadaye giza limetanda, Juni sawa na Desemba. Saa za Kiswahili zimefumwa kwa mwendo huo: saa moja asubuhi ni saa ya kwanza ya mwanga kutimia, saa moja usiku ni ya kwanza ya giza. Mgeni huziona kama mtego wa kumpoteza kwenye miadi, ilhali ndizo zinazomweleza siku inavyogawika. Alfajiri hadi saa nne ni wakati wa soko, shamba na kazi nzito. Saa sita hadi saa tisa ni za kivulini. Baada ya alasiri mji unafufuka. Anayeamka saa tatu akatoka matembezini saa saba anaishi kwa saa za Berlin chini ya jua la Unguja, na hapo jua halina kosa.

Basi hoja yangu ni hii. Jua la Unguja huvumilika kwa kivuli, na kivuli cha kisiwa hiki hakijawahi kuwa mali ya mtu mmoja. Pita vichochoro vya Kiponda, Hurumzi au Sokomuhogo saa saba mchana: unatembea kivulini karibu njia nzima, na kivuli hicho kinatoka kwenye nyumba za watu ambao hukuwaomba. Nyumba ya mkono wa kulia inaikinga ya kushoto asubuhi, na jua likigeuka inalipwa deni lake. Kuta za mawe na chokaa zina unene wa nusu mita na zaidi, zinachelewa kupata moto. Vyumba ni vyembamba kwa sababu boriti za mikoko hazivuki zaidi ya mita tatu hivi. Ua wa ndani unapandisha hewa ya moto juu. Roshani inatoka nje kuutafuta upepo. Na chini, ukutani, kuna baraza. Ukiifikiria baraza utaona ni jambo la ajabu: mtu amejenga, kwa gharama yake, kiti cha mpita njia. Masika, uchochoro ukijaa maji, baraza hiyohiyo hugeuka njia ya kupitia. Mashamba na pwani ya mashariki mawe hayo hayapo, lakini mwembe wa kijiji na banda la makuti la wavuvi vinafanya kazi ileile. Mwenye fedha anaweza kuinunua nyumba nzima ya Shangani, na bado kivuli cha mlangoni kwake kitatoka ukutani kwa jirani. Kwa hiyo kulizoea jua la hapa ni kuwazoea watu wa hapa. Aliyeyatenga mambo hayo mawili ndiye anayeungua.

“Hayo ya babu zetu, maalim,” anakatiza dalali. “Mteja wangu ana uwezo wake. Nitampa fleti mpya kule Fumba, kiyoyozi kila chumba, jenereta, mlinzi getini. Kivuli cha mtu atakiombea nini?”

Hoja hii si ya kudharauliwa, kwa sababu sheria na soko vyote viko upande wake. Ardhi ya Zanzibar iko chini ya dola na mgeni huipata kwa kukodishwa tu, lakini Sheria ya Kondominiamu ya 2010 ilimfungulia mlango wa kumiliki fleti, na mwekezaji wa nyumba ya dola 100,000 na zaidi anaweza kupata kibali cha kuishi. Nyumba hizo mpya ni safi, zimepangwa, na watu wanaishi humo kwa raha. Ninachouliza ni raha hiyo imeshikwa na nini. Umeme wa Unguja unatoka bara kwa waya uliolazwa chini ya bahari tangu 1980. Mei na Juni 2008 kisiwa kizima kilikaa karibu mwezi bila umeme. Desemba 2009 waya ukaharibika tena na giza likaendelea hadi Machi 2010: miezi mitatu, tena ndani ya kaskazi yenyewe, joto likiwa kileleni. Pampu zilisimama, na maji yakasimama nazo. Wenye jenereta walinunua mafuta mpaka wakachoka. Wasio nazo walivuka kwa visima, kuta nene na ndoo ya kuazima. Waya mpya wa megawati 100 uliwashwa mwaka 2013 na hali ikawa bora sana, lakini kila hoteli na kila mtaa mpya unauongezea mzigo. Ukuta mpana wa kioo unaotazama bahari ni mzuri wa kupigwa picha. Saa nane mchana unaingiza joto ambalo mashine lazima ilitoe, na mashine hiyo imening’inia kwenye waya wa baharini. Waya huo, nikumbushe, unapanda nchi kavu hapohapo Fumba.

Simkatazi mtu kiyoyozi. Wazanzibari wenyewe wanakinunua wakijaliwa, na nyumba yenye mtoto mchanga au mgonjwa wa moyo haina sababu ya kuona haya. Pangaboi nalo lilikuwa la kigeni siku zake. Tatizo linaanza pale kiyoyozi kinapokuwa ndiyo mbinu yote, kwa sababu kinadai dirisha lifungwe, na dirisha la uchochoroni ndilo linaloleta habari: kwamba leo maji yatatoka usiku hivyo kinga ndoo, kwamba fundi wa chokaa amepita, kwamba nyumba ya tatu kuna msiba na muziki uteremshwe, kwamba wingu lile la kusini si la mchezo, anua nguo. Habari hizi hazina programu ya simu. Mhamiaji aliyefunga dirisha hukutana na kila jambo likiwa limeshatokea, na mambo yanayokushtukiza kila siku hayazoeleki hata uwe na ubaridi wa namna gani chumbani.

“Nikilifungua dirisha nitaelewa nini?” anauliza mhamiaji. “Kila nikisema Kiswahili, najibiwa kwa Kiingereza, na kule ufukweni kwa Kiitaliano.”

Hapa wenyeji tunastahili lawama, na niiseme wazi. Utalii umetufundisha kumwona kila mwenye ngozi nyeupe kuwa ni wa kupita, na tumemtengenezea Kiswahili chake cha kupita, cha “jambo” na “hakuna matata”, ambacho wenyewe kwa wenyewe hatuamkiani nacho. Mtu aliyekaa miaka minne bado anauziwa nanasi kwa bei ya aliyeshuka uwanja wa ndege jana. Kwetu mgeni ni siku mbili, ya tatu hupewa jembe. Wengi huichukua methali hiyo kama kero ya mwenyeji aliyechoka kulisha. Mimi naisoma kama heshima, kwa sababu anayepewa jembe ameshahesabiwa miongoni mwa watu wa shamba lile. Huyu wetu tumemnyima jembe, tukaendelea kumwita mgeni ili tuendelee kumtoza bei ya mgeni. Hata hivyo jembe lipo karibu naye kuliko anavyodhani. Amehamia mahali ambapo lahaja ya mjini, Kiunguja, ilichaguliwa mwaka 1928 kule Mombasa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu cha Afrika Mashariki yote. Lugha anayoisikia kwenye foleni ya mkate ndiyo iliyo vitabuni. Vuga, mwendo wa dakika chache kutoka Mkunazini, ipo TAKILUKI, taasisi iliyosomesha Kiswahili wageni wa kila bara na ambayo leo ni sehemu ya Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar. Mtu anayekwenda kusoma nyaraka za pango kwa wiki tatu kabla ya kutia saini ana wasaa wa kujifunza kusema sabalkheri na kungoja jibu.

Anasimama tena mhamiaji, na safari hii na hoja nzito zaidi. “Kisiwa hiki kimejengwa na wageni. Wahindi walikuja na mahekalu yao, Waarabu na kahawa yao, Wagoa na kanisa lao. Hakuna aliyewaambia waache yao. Kwa nini mimi?”

Ni kweli, hakuna aliyewaambia. Na mimi simwambii aache mkate wake wa ngano nyeusi wala Krismasi yake. Lakini historia aliyoitaja inasema zaidi ya anavyotaka iseme. Kwa karne nyingi Unguja ilijua aina mbili za wajao. Walikuwepo wa msimu, waliofika na majahazi kwa upepo wa kaskazi kutoka Uarabuni na Bara Hindi, wakauza na kununua, wakaungoja upepo wa kusi uwarudishe. Mji uliwahudumia na kuwalindia milango. Na walikuwepo waliobaki. Chukua Wahindi wenyewe: Mabhatia, Wahindu wa Kutch, kwa muda mrefu walifanya biashara hapa huku wake zao wakibaki kwao, na walihesabu miaka ya kurudi; Makhoja walikuja na familia. Watoto wa Makhoja walicheza vichochoroni na Kiswahili kikaingia majumbani kwao kwa miguu ya watoto hao. Washihiri wa Hadhramaut, wachukuzi wa maji na wauza kahawa, hawakuwa na fedha za kununua upweke. Waliingia kwa milango ya jikoni na barazani, na mjukuu wa Mshihiri leo ukimuuliza kwao wapi atakutajia mtaa wa Unguja. Kilichowatenganisha wa msimu na wa kubaki hakikuwa wingi wa miaka, maana wapo Mabhatia waliokaa miongo. Waliobaki walimhitaji jirani kwa jambo lisilonunulika.

Nisipambe historia hiyo. Kivuli ninachokisifu hakikuwafikia wote. Mawe mengi ya Mji Mkongwe yalibebwa na watumwa. Soko lao Mkunazini lilifungwa mwaka 1873 tu, na ng’ambo ya hori waliishi watu wa nyumba za udongo na makuti ambao mji wa mawe uliwaita ilipofika saa ya kazi. Anayetaka kujua ng’ambo hiyo na vijiji vilikuwa na nini cha kutoa amkumbuke Siti binti Saad, mtoto wa Fumba hiyohiyo ya dalali, aliyeingia mjini akiuza vyungu na mwaka 1928 akasafiri hadi Bombay kurekodiwa taarabu kwa Kiswahili, muziki ambao majumba ya sultani yalikuwa yameuagiza kutoka Misri kwa Kiarabu. Yeye hakuhama nchi. Lakini mageuzi yale, ya kitu cha kigeni kupata ulimi wa hapa, ndiyo mfano bora nilio nao wa neno kuzoea.

“Lugha, lugha,” anasema mama wa ghorofa ya juu, ambaye muda wote alikuwa kimya. “Bibi Salme alijifunza lugha. Ilimsaidia nini?”

Amenibana. Sayyida Salme binti Said alizaliwa Mtoni mwaka 1844, akaondoka Unguja 1866, akaolewa na mfanyabiashara wa Kijerumani, Heinrich Ruete, na kuishi Hamburg kwa jina la Emily. Safari yake ni ile ya mhamiaji wetu iliyogeuzwa: kutoka juani kwenda baridini. Mwaka 1870 mumewe alikufa kwa ajali, akamwachia watoto watatu. Jembe alilishika kuliko wengi tunaowajua, kwani kufikia 1886 alichapisha kumbukumbu za maisha yake kwa Kijerumani, kitabu kinachosomwa mpaka leo. Hata hivyo hakuwahi kuwa wa kule kwa moyo wake, na aliporudi kutazama Unguja mwaka 1885 kaka yake, Sultani Barghash, alikataa kumpokea. Alifia Ujerumani mwaka 1924. Kwa hiyo mama ana haki: kwa lugha mtu anafika mlangoni, na mlango unafunguliwa na aliye ndani. Nakubali, na nairekebisha hoja yangu. Niliposema kulizoea jua ni kuwazoea watu, nilikuwa nimemtwika mhamiaji mzigo wote, na nusu yake ni yetu. Hamburg haikukosa watu wema, lakini mjane wa kigeni hakuwa na baraza ya kukalia. Sisi tunayo. Swali ni kama itakuwa na watu.

“Nusu yangu nimeshaitoa,” mama anaendelea. “Nyumba imeuzwa. Chini wameweka duka la vinyago, katikati wanalala watu wa siku tatu tatu, mimi naambiwa nitafute chumba Fuoni, nje ya mji. Huyo mzungu wako amzoee nani, picha za ukutani?”

Katika yote yaliyosemwa, hili ndilo lililonikaa. Mji Mkongwe una mamlaka yake ya uhifadhi tangu 1985 na uliingia katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000. Milango ya nakshi inalindwa, roshani zinalindwa, mtu hapaki saruji juu ya chokaa bila kuulizwa. Kodi ya mama huyu hailindwi na orodha yoyote. Familia zikiondoka, kuta zitabaki na kivuli chake, ila habari za dirishani, ndoo ya kuazima na karibu ya barazani vitakwenda Fuoni pamoja naye. Mhamiaji atabaki amezungukwa na wageni wenzake, akilalamika joto. Kwa hiyo, dalali asikasirike, mimi ningependa kuona mambo mawili. Nyumba ya kuishi katika Mji Mkongwe isigeuzwe ya kulaza wageni mpaka shehia ihesabu ni familia ngapi zimesalia katika uchochoro ule na sheha apewe sauti katika uamuzi. Na kibali cha kuishi cha muda mrefu kiambatane na muhula wa Kiswahili, kama nchi nyingi za Ulaya zinavyowadai watu wetu wanaohamia kwao wajifunze lugha zao, tena kwa mitihani. Mpangaji wa kigeni wa miaka mitano anayemjua jirani yake ni bora kwa mtaa kuliko vyumba kumi vya usiku mmoja mmoja. Mama huyu, nadhani, hamchukii huyo mtu. Anachokataa ni kuondolewa ili apishwe.

“Na nani aanze?” anauliza mhamiaji. “Mimi niwasalimu, au wao?”

Mzee anamjibu kwamba hilo halina mjadala. Aliye nje hupiga hodi, aliye ndani husema karibu. Anayefika husimama kando ya mlango, asichungulie, akaita kwa sauti ya kusikika. Asipojibiwa, huita ya pili, kisha ya tatu. Na ya tatu ikipita kimya huondoka bila kinyongo, akarudi siku nyingine, baada ya alasiri, jua likishapoa.